Siku Sita za Karama

Ndugu msomaji, nyumbani kwangu Mabawa kuna kabati la vitabu ambalo milango yake haifungi tena, kwa kuwa hewa ya chumvi imekula bawaba. Ndani yake mna nakala ya *Kusadikika* ya marehemu Shaaban Robert, isiyo na jalada, iliyoshonwa kwa uzi wa katani. Nilianza kuisomesha nakala hiyo mwaka 1975, nikiwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu, na sikuacha kuisomesha hata nilipokuwa mkuu wa shule, maana sikutaka mkono wangu usahau chaki. Pembeni mwa kurasa zake mna maandishi yangu ya penseli. Katika insha hii nataka kueleza jinsi nilivyogundua uzeeni kwamba kitabu hicho nilikisomesha vibaya kwa zaidi ya miaka thelathini. Aidha, nataka kuonyesha kwamba kosa hilo la darasani linahusu swali ambalo wengi wetu tunajiuliza siku hizi: mtu afanye nini ili abaki na utulivu na matumaini, wakati siasa inamgawa jirani na jirani yake na habari mbaya haziishi kuingia?

Nianze na yaliyotokea. Tarehe 29 Oktoba 2025 nchi yetu ilifanya uchaguzi mkuu. Siku hiyo na siku zilizofuata palizuka maandamano na vurugu katika Dar es Salaam na miji mingine. Watu wakauawa, mali zikachomwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Idadi ya waliokufa ikawa yenyewe jambo la kugombaniwa, kwani serikali, wapinzani na watetezi wa haki za binadamu hawakukubaliana. Tarehe 1 Novemba Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97 ya kura, na tarehe 3 akaapishwa Dodoma. Baadaye mwezi huo aliunda tume ya kuchunguza yaliyotokea, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Nayataja haya kwa ufupi kwa sababu msomaji anayajua, na kwa sababu sikukaa kuandika ili nihukumu.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa Dar es Salaam masomoni. Kwa siku zile hatukupata kwake habari njema wala mbaya. Kumbe kimya ni kibaya kuliko habari yoyote, kwa sababu moyo hujiandikia wenyewe yale usiyoambiwa. Mtandao uliporudi, picha zikaja kama mto Zigi wakati wa masika. Nilikaa kitandani na simu mpaka alfajiri, nikitafuta nguo za mjukuu wangu kati ya nguo za waliolala chini. Na jambo la ajabu ni hili: jioni ile ile nilikuwa nimekwisha kuzungumza naye, nikijua kwamba yu mzima, na bado nilitafuta. Asubuhi nilikwenda zahanati nikiwa na kizunguzungu. Muuguzi akapima shinikizo la damu, akaniuliza kama nimekula chumvi nyingi. Nikamjibu kwamba si chumvi, ni simu.

Katikati ya Novemba alikuja Mabawa, na badala ya kushukuru tukagombana. Alikuwa na hasira juu ya yale aliyoyaona. Mimi nikamwambia methali niliyowaambia wanafunzi wangu miaka yote, kwamba subira yavuta heri. Akanijibu kwa adabu, lakini kwa sauti ambayo sikuizoea: "Babu, mbona kila siku anaambiwa yule yule asubiri?" Sikuwa na jibu. Mtu mzima asiyekuwa na jibu hukimbilia ukali, nami nikamwambia kwamba vijana wa siku hizi wamepotoshwa na simu. Mimi niliyekesha nayo! Tukanuniana siku mbili, naye ndiye anayenisomea gazeti macho yangu yanapochoka.

Siku ya tatu alikuwa akipanga lile kabati, akaitoa *Kusadikika*, akafungua karatasi ya mwisho isiyo na chapa. Hapo nilikuwa nimechora mstari katikati. Upande mmoja nimeandika "Wahusika wema", na chini yake Karama na wajumbe sita. Upande wa pili nimeandika "Wahusika waovu", na chini yake Majivuno na wenziwe. Ndivyo nilivyowachorea wanafunzi ubaoni kila mwaka, nao wakakariri, wakafaulu mitihani. Mjukuu wangu akautazama mstari ule kwa muda, kisha akauliza: "Babu, mimi ungeniandika upande gani?"

Swali hilo ndilo lililonirudisha kitabuni.

Kabla sijakifungua, nataka nikumbushe kwamba mwandishi wake ni wa kwetu. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na mji wa Tanga, akafa Juni 1962, na kaburi lake liko Machui, safari fupi kutoka hapa Mabawa. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Yaani alikula mshahara wa utawala asioupenda, akaandika usiku. Aliiona vita kuu ya pili ya dunia ikipita juu ya watu ambao hawakuianzisha. Alizijua habari mbaya. Nami nikitazama kazi zake nyingi, naona kwamba alizijaribu njia tatu za kukabiliana nazo, na njia mbili za kwanza ndizo hizo hizo ambazo sisi tunazishika leo.

Njia ya kwanza imo katika *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, utenzi wa beti zipatazo 3,000 juu ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Humo mshairi anajaribu kuimeza vita yote: viongozi, majeshi, nchi zilizovamiwa na nchi zilizokombolewa. Ni kazi ya subira kubwa, na kama kumbukumbu ina thamani yake. Lakini nathubutu kusema kwamba si kazi yake bora, na sababu yake inatufaa sisi tunaokesha na simu. Mtu anayefuata kila habari ya vita hana budi kuchagua upande mapema, kwa kuwa bila upande habari hizo hazishikiki. Akisha kuchagua, habari zinakuwa za kushangilia au za kuomboleza, na nafasi ya kufikiri inakuwa ndogo. Tazama jina lenyewe: vita vya uhuru, asema mtu ambaye nchi yake ilikuwa chini ya Waingereza, na ikabaki chini yao vita vilipokwisha. Simlaumu, nchi nzima ilikuwa ikisikia tarumbeta moja. Ninachosema ni kwamba wingi wa habari haukumzidishia uwezo wa kuona jambo lililokuwa mlangoni pake.

Njia ya pili imo katika *Utubora Mkulima*. Utubora anaiacha kazi ya mshahara, anakwenda shamba, analima, na anapata amani. Kitabu hiki ni kitamu, hasa kwa mstaafu. Nimeshuhudia wazee wenzangu wakiishika njia hii: anaizima redio, anaacha magazeti, na ukimtajia siasa anakuonyesha minazi yake. Mimi mwenyewe niliijaribu baada ya kutoka zahanati. Nilimpa jirani simu yangu, nikakaa siku nne nikipalilia mihogo. Utulivu niliupata kweli. Lakini siku ya nne nilisikia kwamba fundi cherehani, mwenzangu wa barazani wa miaka mingi, amekaa siku tano hajui alipo mtoto wa dada yake aliyekuwa Dar es Salaam, na mtaa wote umekwenda kumtazama isipokuwa mimi. Utulivu wa kutojua una gharama, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa na mtu mwingine.

Hapa yafaa nijikosoe jambo jingine. Wazee tunapenda kusema kwamba zamani tulikuwa watulivu zaidi. Nakumbuka mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, walimu tulikusanyika nyumba moja kusikiliza Radio Tanzania. Taarifa ya habari ilikuwa na saa yake. Ilipokwisha tuliizima redio ili tusimalize betri, tukabaki tunazungumza. Ni kweli kwamba habari iliyo na mwisho humpa mtu muda wa kupumua. Lakini ni kweli pia kwamba redio ilikuwa sauti moja, na mengi tuliyajua baada ya miaka, au hatukuyajua kabisa. Nusu ya utulivu wetu ulikuwa utulivu wa Utubora: minazi ilikuwa inatufichia barabara. Kwa hiyo sitamwambia mjukuu wangu arudi huko.

Njia ya tatu imo katika *Kusadikika*, kitabu kilichochapwa mwaka 1951, miaka mitatu kabla ya kuundwa kwa TANU. Kwa wale waliokisahau, habari yake ni hii. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani. Humo mtu mmoja, Karama, ameshtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, na Waziri Mkuu, Majivuno, anasimama mbele ya mfalme na baraza kumwonyesha kuwa ni adui wa dola. Karama hana wakili. Anaomba nafasi ya kujitetea, na kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma zamani kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, ili walete mambo yatakayoifaa Kusadikika. Kila mmoja alikwenda, akapata taabu, akarudi na mafunzo. Na kila mmoja, badala ya shukrani, alipata adhabu.

Vijana wanapokisoma leo hawachelewi kuuliza Karama ni nani. Mjukuu wangu alinikumbusha kwamba Aprili 2025 Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, alifunguliwa kesi ya uhaini, na baadaye akaamua kujitetea mwenyewe mahakamani bila wakili. Naye ni mwanasheria, na Karama alitaka kufundisha sheria. Ulinganisho huo ni halali. Kitabu kizuri hukubali kuvaliwa na kila kizazi: wasomaji wa miaka ya 1950 waliona humo Mwingereza na Mwafrika, na kila zama baadaye imeona watu wake. Kesi ni ya mahakama, nami si hakimu. Lakini niliposikiliza barazani niliona jambo ambalo ubao wangu haukunifundisha. Mpinzani akikisoma kitabu hiki humwona Karama upande wake. Mwana CCM naye akisimuliwa jinsi alivyotukanwa, nyumba yake ikatishiwa moto, hujiona yeye ndiye Karama. Hakuna mtu hata mmoja nchini anayejisoma katika Majivuno. Ikiwa kitabu kinampa kila mmoja wetu sababu ya kujipenda zaidi na kumchukia mwenziwe zaidi, basi ama kitabu ni kibaya, au tunakisoma vibaya.

Nikakisoma upya, polepole, sehemu moja kwa siku, kama Karama alivyosema. Na ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitia alama ya penseli hata mara moja katika miaka thelathini na zaidi: Karama hana habari njema hata moja.

Hebu tulitazame jambo hili. Mtu anayekabiliwa na adhabu kubwa amepewa nafasi ya kusema. Tungemtarajia ataje mafanikio, aahidi neema, au aombe huruma. Yeye analeta habari sita, na zote sita zinaishia vibaya. Wajumbe sita, wafungwa sita. Ukizipanga habari hizo kama simu inavyozipanga, utapata hivi: mjumbe afungwa, mwingine afungwa, wa tatu naye afungwa. Msikilizaji wa habari za namna hiyo angetoka barazani akiwa amekufa moyo, au akitafuta jiwe la kumpiga mtu. Lakini hilo silo linalotokea. Kadiri siku zinavyokwenda, uzito unahama kutoka kwa mshtakiwa kwenda kwa wale waliomshtaki, na mwisho mfalme anamwachia huru.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Kwa maoni yangu inatoka katika jambo moja, nalo ni kwamba Karama anaisimulia kila habari mbaya mpaka mwisho wake. Haanzi na kifungo. Anaanza na mtu aliyeaga, njia aliyopita, nchi aliyoiona, mambo aliyojifunza, na namna alivyorudi. Kwa hiyo tunapofika kwenye adhabu, tunajua si kwamba mtu mmoja ameumia tu, bali pia ni kitu gani nchi imekikosa kwa kumwumiza. Mkoba wa mjumbe umefunguliwa mbele yetu. Hapo ndipo tumaini linapoingia, bila kutajwa: ikiwa jambo jema lilikuwako mkobani, basi lipo, na linaweza kuchukuliwa tena. Habari mbaya iliyokatwa vipande huzaa hofu, na hofu hutafuta adui. Habari ile ile ikisimuliwa yote humwachia msikilizaji kazi ya kufanya. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kati ya usiku wangu wa simu na siku sita za Karama. Si kwamba simu ilinionyesha uongo mwingi, ingawa uongo ulikuwamo. Ilinionyesha mwisho wa watu ambao sikujua mwanzo wao.

Jambo la pili ni kwamba Karama hawahutubii marafiki zake. Anasema na baraza lililokaa kumhukumu, na Majivuno yumo humo, anasikia kila neno. Utulivu wake si wa mtu asiyeumia. Ni wa mtu anayetaka kueleweka na wale wasiompenda, na mtu wa namna hiyo hana anasa ya kupiga kelele. Na jambo la tatu, aliomba siku sita akapewa. Hata Kusadikika, nchi ya dhuluma, ilimruhusu mshtakiwa amalize maneno yake. Hapa ndipo nilipoelewa swali la mjukuu wangu juu ya subira. Subira ya Karama ni ya anayesema, na wengine wakakaa wakamsikiliza. Mimi nilikuwa nimemtaka mtoto awe na subira ya kunyamaza. Methali ni moja, lakini mambo hayo mawili hayafanani, na mzee anayeyachanganya humtia kijana kiziwi kwa jina la hekima.

Sasa, mhakiki anayesifu tu ni mpiga debe, na kitabu hiki kina kasoro mbili ambazo lazima zitajwe.

Ya kwanza ni majina. Majivuno anaitwa Majivuno tangu ukurasa anapoingia, na Karama ni Karama. Msomaji hapewi nafasi ya kukosea. Hii ni desturi ya hadithi za maadili, nami najua kwamba mwandishi chini ya ukoloni alihitaji vazi la kujifichia. Lakini desturi hiyo ndiyo iliyonialika kuchora ule mstari. Duniani hakuna aliyezaliwa na jina la dhambi yake. Yule kijana uliyemwona pichani ameshika jiwe ana mama anayemwita kwa jina la babu yake, na askari aliyeshika bunduki vile vile. Laiti Shaaban Robert angempa Majivuno siku moja tu kati ya zile sita atueleze alikotoka na alichokiogopa, kitabu kingekuwa kizito zaidi, na walimu kama mimi tungepata taabu ubaoni. Taabu hiyo ingetufaa.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Mwisho wa yote, Karama anaokolewa na moyo wa mfalme. Mfalme amesikia, mfalme ameguswa, mfalme ameamua. Kitabu kinachodai elimu ya sheria kinamalizika kwa hisani ya mtu mmoja! Na kama mfalme angeamka vibaya siku ya sita? Matumaini yanayokaa katika kifua cha mtu mmoja ni ya kuazima, na mwenye nayo anaweza kuyadai.

Kwa jambo hili sisi wa pwani hatuhitaji nchi inayoelea hewani. Tunayo mifano ng'ambo ya maji. Pemba si mbali nasi, na wengi hapa Tanga wana ndugu huko. Januari 2001 watu waliuawa Pemba na Unguja katika maandamano yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2000, na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa mashua. Wakati ule, ungemwambia mtu barazani kwamba siku moja CCM na CUF wataketi serikali moja, angekuuliza kama umelala vizuri. Lakini tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi wa mwaka huo ukapita kwa amani.

Ningependa kuishia hapo, kama kitabu kinavyoishia kwa mfalme. Lakini habari nzima ni ndefu kuliko hapo. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, umoja ukavunjika, uchaguzi wa 2020 ukamwaga damu tena, kisha Desemba mwaka huo Maalim Seif akaapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na Februari 2021 akafariki. Mtu akikuuliza kama habari hii ni njema au mbaya, utajibu nini? Inategemea unaikatia wapi. Mimi ninaloliona humo ni kwamba mioyo ya wakubwa hufunguka na hufunga, lakini ile asilimia 66.4 ilikuwa watu wa kawaida, wengi wao waliokuwa wamezika watu wao, na wakaenda kituoni wakaandika ndiyo. Wao ndio baraza la Kusadikika ambalo mwandishi wetu hakulipa sauti ya kutosha. Mfalme peke yake asingeweza, na aliposahau, walikuwapo wa kukumbusha.

Basi nirudi barazani kwetu. Pale tunakunywa kahawa watu sita au saba baada ya sala ya alasiri, na tangu uchaguzi wawili kati yetu walikuwa hawatazamani: yule fundi cherehani niliyemtaja, na mstaafu mmoja wa kazi za bandarini ambaye mwanawe ni askari. Kila mmoja alikuwa na simu yake na picha zake. Akionyesha huyu, yule anaonyesha nyingine. Tulikuwa tumefika mahali ambapo mchezo wa bao ulichezwa kimya.

Siku moja mwanzoni mwa Desemba niliwaambia wenzangu kwamba mwalimu mzee anaomba kipindi kimoja. Nikaomba simu ziwekwe kwenye sinia, na kila mmoja wa hao wawili atueleze siku moja tu, tarehe 30 Oktoba, tangu alfajiri mpaka usiku, bila kukatizwa. Fundi alianza. Alieleza jinsi dada yake alivyokaa mlangoni akiwa amevaa kanga ile ile tangu jana, na jinsi yeye alivyokata kitambaa cha mteja vibaya kwa sababu mikono haikutulia. Yule kijana wao alirudi siku ya tano kwa miguu, akiwa na njaa, na mpaka leo hataki kusema alikuwa wapi. Kisha akasema mstaafu. Naye mkewe alikuwa mlangoni siku hiyo hiyo. Mtoto wao alikuwa kazini, simu haipatikani, na kila aliyepita njiani alisema maneno juu ya askari bila kujali kwamba mama yake anasikia. "Bwana," alimwambia fundi, "na sisi tulikuwa hatujui kama atarudi."

Sitakudanganya, ndugu msomaji, kwamba walikumbatiana. Fundi aliuliza swali gumu juu ya yale aliyoyafanya yule askari siku hiyo, na mstaafu akasema hajui, na kwamba hata yeye hajathubutu kumwuliza. Hakuna aliyebadili chama. Wiki iliyofuata mstaafu hakuja kwa siku tatu, nikadhani nimeharibu. Siku ya nne alikuja na suruali ya kupunguzwa kiuno, akampa fundi, akakaa.

Nakala yangu ya *Kusadikika* sasa iko kwa mjukuu wangu, Dar es Salaam. Kabla hajaondoka nilichukua kifutio nikajaribu kuufuta ule mstari wa karatasi ya mwisho. Penseli ya mwaka 1975 haifutiki vizuri, alama imebaki. Chini yake nimeandika majina yote tena, ya Karama, ya wajumbe na ya Majivuno, katika safu moja. Nilipompa kitabu nilimwambia kwamba swali lake sijalijibu. Akasema atasubiri, na safari hii alicheka.